Damiani na Wenzake Wamehama

Siku Chediel alipojiona wa kwanza duniani, alichinja jogoo.

Hakuwa mtu wa kuchinja ovyo. Jogoo yule alikuwa ameponea Krismasi, akaponea mwaka mpya, akaponea hata ujio wa askofu, ambapo kuku wa nusu ya Unyambwa waliangamia. Lakini asubuhi ile, mwanzoni mwa Februari, baada ya simu kunyamaza miezi minne, Chediel aliketi kwenye kigoda cha karakana yake, akaandika kwa kidole kimoja "mizinga ya nyuki Singida", akabonyeza, na Google ikamleta juu kabisa, juu ya watu wote: Chediel Mizinga Bora. Akafuta, akaandika tena. Wa kwanza. Akazunguka upande wa pili wa nyumba, akajaribu akiwa amesimama juu ya gogo. Wa kwanza.

"Mama Selina! Tumerudi!"

Asnath, mkewe, alitoka ndani ubavu ubavu. Siku hizi nyumba ile haikuingilika kwa kifua mbele. Mizinga sitini ya mbao, iliyopigwa randa na kupakwa nta ndani, ilikuwa imeshika sebule mpaka karibu na dari, ikashika ukumbi, na chumbani ilipangwa mitatu mitatu hadi miguuni pa kitanda. Kila mwaka, kabla alizeti hazijachanua, watu wa Manyoni, Itigi na Kondoa humpigia simu wakitaka mizinga ya kutundika. Alizeti zikishachanua, anayetaka mzinga ni wa kutafuta kwa tochi mpaka mwaka mwingine. Mwaka huu Chediel alitengeneza yote sitini kwa imani, na hakuna aliyepiga.

"Tumerudi wapi?" Asnath aliuliza.

"Juu. Kamata yule jogoo."

Mchana alifika Kefa, mdogo wake Asnath, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Kefa alikuwa na kipaji cha kufika chungu kinapoepuliwa. Akala paja, akafuta vidole, akauliza, "Dada, leo kuna nini?"

"Muulize shemeji yako. Amekuwa wa kwanza."

"Wa kwanza wa nini?"

"Google," alisema Chediel, akijitahidi kutoa sauti ya mtu aliyeizoea hali hiyo. "Ukitafuta mizinga, unakutana na mimi."

Kefa akatoa simu yake, pana kama sahani, akaandika, akasogeza kidole, akasogeza tena. "Hapa kuna watu wa Arusha. Huyu anauza asali tu. Huyu anauza matenki ya maji, sijui kaingiaje. Shemeji, wewe hapa hupo."

"Simu yako mbovu."

"Nimeinunua juzi."

Wakachukua simu ya Asnath. Hayumo. Wakazilaza simu zote tatu juu ya mzinga uliokuwa ukitumika kama meza, wakazitazama kama wazee wa baraza wanaosikiliza mashahidi. Moja ilisema Chediel ni wa kwanza. Mbili zilisema hazijapata kumsikia. Jogoo alikuwa ameshaliwa.

Kefa akakohoa kidogo. "Shemeji, mimi sikuja kwa ajili ya nyama. Mtunza stoo wangu ameacha kazi. Kazi yenyewe nyepesi: unafungua asubuhi, unahesabu misumari na mabati, unafunga jioni. Kuna koti la bluu, nalitoa mwenyewe. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu nipe jibu, vinginevyo nampa mtu mwingine."

Chediel alitazama mikono yake. Miaka thelathini hakuna mtu aliyempangia saa ya kufungua mlango. Na huyu Kefa, alipokuwa na kamasi, alikuwa akija pale karakana kubeba maranda ya kuwashia moto, akipewa kipande cha muwa kama ujira.

"Na usijali kuhusu kuniita bosi," Kefa aliongeza, akiamini anamfariji. "Hiyo ni mbele ya wateja tu. Hapa nyumbani tunabaki mashemeji."

*

Jumatatu Chediel alikwenda mjini kwa Scholastika. Mama huyu alikuwa na duka la steshenari karibu na stendi, akitoa fotokopi, akipiga picha za pasipoti, na ndiye aliyemtengenezea tovuti zote mbili, ya zamani na hii mpya ya Chediel Mizinga Bora.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, nieleze taratibu. Kwa nini simu yangu inanijua na za wenzangu hazinijui?"

"Unajitafuta mara ngapi kwa siku?"

Chediel akapiga hesabu. "Kama arobaini. Jumapili chache, kwa sababu ya ibada."

"Basi ndiyo hivyo. Imeona huyu mzee anaupenda sana huo ukurasa, inamletea."

"Kwa hiyo inanidanganya, ndani ya nyumba yangu."

"Haidanganyi, baba. Inakupendelea."

Chediel hakuona tofauti, lakini aliitikia kwa kichwa. Scholastika akasogeza kiti. Akaeleza kwamba tovuti ya zamani ilikaa miaka sita. Chama cha wafuga nyuki kilikuwa kimeitaja kwenye ukurasa wake, chuo fulani kikaiweka kwenye orodha, wateja wakaelezana habari zake, na Google, kwa kuona watu wote wanaelekeza kidole pale pale, ikaipa heshima ya kukaa mbele. Hii mpya ilikuwa na miezi minne. Hakuna anayeielekezea kidole.

"Lakini ni mimi yule yule! Mizinga ni ile ile!"

"Google haijui. Ukihama mtandaoni, unaacha kibao kwenye kila mlango wa zamani: wamehamia mahali fulani. Inapita, inasoma kibao, inakufuata, na heshima yako unahama nayo. Sisi hatukuacha kibao."

"Kwa nini hukuacha?"

Scholastika akainyoosha stepla iliyokuwa imenyooka tayari. "Baba," alisema, "ulisema nibomoe."

Ni kweli alisema. Mwezi wa kumi Scholastika alipomuuliza, tena kwa upole, kama ile ya zamani waiache kwa mwaka mmoja, Chediel alijibu kama mtu aliyezaliwa Kinyangiri. Kule kwao, mtu akihama anang'oa mlango, anashusha paa, anamwaga maji kwenye mafiga. Hakuna aliyesahau habari za yule bwana wa bondeni aliyehama akaacha nyumba imesimama. Fisi aliingia. Wiki ya pili wakwe wa yule bwana walifika jioni kutoka safari ndefu, wakakaa nje ya mlango kwa adabu, wakaanza kutoa habari za nyumbani, na fisi ndani akawa anaguna pale pale panapostahili kugunwa. Wakaridhika. Wakaacha mbuzi na debe la ulezi. Inasemekana walirudi mara tatu, na hata mwenyewe alipojitokeza, mama mkwe alisema yule wa kwanza alikuwa msikivu zaidi. Chediel aliiamini nusu ya habari hiyo, ile ya mbuzi, lakini nusu ilitosha.

"Bomoa yote," alimwambia Scholastika siku ile. "Usiache hata ufito."

Scholastika alifungua mdomo. Kisha akakumbuka kwamba anaongea na mzee wa kanisa, rika la baba yake mzazi, akaufunga. "Haya baba," akasema, akabomoa.

"Kwa nini hukunibishia?" Chediel aliuliza sasa.

"Wewe? Nikubishie wewe?"

Wakatazamana, kila mmoja akiwa na haki yake, na hakuna kilichosaidia.

"Tuirudishe, basi."

"Kurasa ninazo, nilizihifadhi. Tatizo ni jina lenyewe. Muda uliolipiwa mwanzoni uliisha wiki tatu zilizopita. Zimebaki siku tisa za kulilipia. Zikipita, linaachwa kwa yeyote anayelitaka. Na wa kulilipia ni mwenye jina." Scholastika akashusha sauti. "Liliandikishwa kwa Damiani."

Hapo ndipo palipouma. Tovuti ya zamani iliitwa Damiani na Wenzake. Wenzake wenyewe walikuwa Chediel, peke yake. Miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya kupakia mizinga arobaini ya mteja, Damiani alitoweka kwenda Sekenke kutafuta dhahabu, akaacha randa juu ya meza na jina juu ya kila kitu. Tangu hapo wateja walikuwa wakipiga simu ya Chediel na kusema, "Shikamoo mzee Damiani, una kijana wako fundi hodari sana." Alivumilia miaka mitatu, ndipo akaamua kuhama.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Kusubiri Google ikuzoee upya. Mwaka mmoja, labda na zaidi."

"Na alizeti je?"

"Alizeti, baba, mimi sina uwezo nazo."

*

Jumanne alipanda basi la Nzega, akashuka Sekenke, akauliza huku na huku mpaka akaelekezwa kwenye kibanda cha turubai. Damiani alikuwa ameketi anaponda mawe kwa nyundo. Vumbi lilikuwa limempaka weupe hadi kwenye nyusi, akaonekana mzee kuliko baba yake alipofariki. Chediel alikuwa ametayarisha hotuba njia nzima, yenye sehemu ya lawama na sehemu ya msamaha. Ikamtoka kichwani yote.

"Umekuja kuchimba?" Damiani aliuliza bila kusimama.

"Nimekuja kuomba jina."

"La nani?"

"Lako."

Damiani akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika goti. "Si nimesikia umelitupa?"

"Nilikosea. Sikujua lina kazi."

"Hulipendi bado."

"Silipendi hata kidogo."

"Hapo umesema ukweli. Kaa."

Chediel akakaa juu ya jiwe, akaeleza mambo ya vibao na milango na simu zinazopendelea watu. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kupotea mwenyewe. Damiani alisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo kibao kitasema nani amehama?"

"Damiani na Wenzake."

"Lakini aliyehama ni mimi. Wewe uko pale pale."

"Mtandaoni nimehama mimi. Wewe ndiye uliyebaki."

"Nimebaki wapi?"

"Hata mimi sielewi, Damiani. Nisaidie tu."

Damiani akapangusa nyundo kwa kiganja. "Nitalipia mwenyewe. Lakini huko kwako kupya, kule mnakoandika habari za biashara, waandike kwamba Damiani ndiye aliyeanza."

"Tulianza wote."

"Basi waandike tulianza wote. Wewe umeandika ulianza peke yako, nimesoma. Hata huku kuna mtandao."

Chediel akaona aibu, akasema, "Itaandikwa."

Wakaipigia kampuni inayotunza majina hayo, sauti ikafunguliwa, na wachimbaji wanne wakaacha kazi ili wasikie. Dada mmoja wa mbali, mwenye adabu nyingi, akasema kwamba kwa kuwa barua pepe ya zamani haifunguki, itabidi amthibitishe mzee Damiani kwa swali alilolijibu siku ya kujiandikisha.

"Tafadhali taja jina la rafiki yako wa kwanza."

Damiani akamtazama Chediel. Chediel akatazama chini. Walichunga pamoja wakiwa na miaka sita, wakabatizwa siku moja, wakajifunza randa kwa fundi mmoja. Akaanza kuiona ile miaka mitatu ya hasira kama upuuzi.

"Chediel," alisema Damiani kwa sauti nzito.

"Siyo sahihi."

Mchimbaji mmoja akaguna.

"Chediel Msengi," Damiani akajaribu tena.

"Siyo sahihi pia, mzee wangu. Umebakiwa na nafasi moja."

Damiani alikuna shingo, akakuna kidevu, akageuka kuutazama mlima, akimpa Chediel mgongo. "Mfupi," alinong'ona.

"Sahihi kabisa. Asante sana, mzee Damiani. Utapokea ujumbe wa malipo sasa hivi."

"Mfupi yupi?" Chediel aliuliza.

"Fahali wa baba."

"Fahali?"

"Nilikuwa mdogo, bwana. Alikuwa na tabia nzuri."

"Tulimchunga wote yule fahali!"

"Si ndiyo maana unamfahamu," alisema Damiani, akaanza kubonyeza malipo huku wachimbaji wakishika matumbo.

*

Scholastika aliweka vibao kwa siku mbili, ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa zamani wa bei ulielekezwa kwenye bei mpya, wa kupaka nta kwenye kupaka nta, wa vipimo kwenye vipimo. Chediel alipopendekeza wote wapelekwe mlango wa mbele ili kazi iishe haraka, safari hii mama yule alimbishia.

"Aliyekuja kuuliza bei usimkalishe sebuleni, baba. Ataondoka."

Akaandika pia barua kwa chama cha nyuki na kwa chuo, akiwaomba wabadilishe anwani. Akaongeza yale maneno ya Damiani. Kisha akafunga kompyuta na kusema sasa wanasubiri.

"Siku ngapi?"

"Wiki. Miezi. Hakuna anayejua."

"Google wenyewe?"

"Hawasemi. Na tafadhali baba, usijitafute kwa simu yako."

Hakujitafuta kwa simu yake. Alijitafuta kwa simu za watu. Aliazima ya muuza nyama, ya kinyozi, ya mama wa mbogamboga, na siku moja walimwona akitoka kilabu cha pombe, yeye mzee wa kanisa, na ilibidi aeleze mbele ya mchungaji kwamba alifuata simu tu. Mchungaji naye akatoa yake, wakatafuta. Hakuwemo.

Jumatano ya wiki ya pili muuza nyama alimkuta ukurasa wa tano. Alhamisi hakuwa popote. Ijumaa alikuwa ukurasa wa nane. Jumamosi, saa ile ile, kwa kinyozi alikuwa ukurasa wa nne na kwa mama wa mbogamboga alikuwa hajazaliwa. Chediel aliyaandika yote kwa penseli ya fundi kwenye ubao, akautazama ubao ule kwa muda, kisha akaugeuza.

Asnath alimletea uji pale pale. Mashambani alizeti zilikuwa zimefika kiunoni.

"Baba Selina, uko wapi leo?"

"Inategemea simu ya nani."

"Mimi nauliza kweli."

"Na mimi najibu kweli." Akapokea uji. "Mwanzoni nilijua nilipo. Watu walipiga wakaniita Damiani, nikakasirika, tukauza. Sasa jina ni langu, na sijui kama nipo."

Asnath alikaa kwenye mzinga. "Koti la Kefa siyo ugonjwa," alisema polepole. "Huwezi kufa kwa kuvaa koti."

"Najua."

"Nasema tu."

"Najua unasema tu."

*

Jumapili ya mwisho ya mwezi Kefa alikuja moja kwa moja kutoka kanisani. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki. Akatoa koti la bluu, limepigwa pasi, lina mfuko wa kalamu kifuani. Juu yake akaweka funguo mbili. Hakukuwa na meza, kwa hiyo akavilaza vyote juu ya mzinga.

"Lijaribu, shemeji. Nilikadiria mabega kwa macho."

Chediel alilishika. Kitambaa kilikuwa kizuri. Akapitisha mkono mmoja, mkono ukaingia mpaka mwisho bila tatizo, na kwa muda mfupi akajiona kwa jicho la mteja anayeuliza bei ya bati: mzee mmoja, koti la bluu. Asnath aligeukia dirisha.

"Kefa," alisema Chediel, mkono wa pili ukiwa bado nje, "nitafute kwanza."

"Shemeji, tulishafanya hivyo."

"Kwa simu yako. Mara moja tu."

Kefa akashusha pumzi, akaandika. Akasogeza kidole. "Ukurasa wa kwanza hupo." Akasogeza. "Wa pili, bado yule wa matenki yumo." Akasogeza tena, akasimama. "Hee. Huyu hapa. 'Chediel Mizinga Bora, Unyambwa. Tulianza wote wawili, mimi na Damiani.' Hayo ni maneno gani ya biashara?"

"Ukurasa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Wiki iliyopita niliishia ukurasa wa nne. Tena kwa kinyozi tu."

"Na wiki ijayo?"

"Sijui."

"Unaweza kuwa wa kwanza?"

"Naweza. Naweza pia kupotea kabisa. Hakuna anayejua, nimeuliza mji mzima."

"Shemeji, mimi nahitaji jibu leo. Kuna mtu yuko dukani anasubiri simu yangu."

Chediel alivua ule mkono. Alilikunja koti kwa uangalifu, kwa mistari ile ile ya pasi, akaweka funguo juu yake, akamrudishia kwa mikono miwili. "Mpigie huyo. Na asante, nasema kwa moyo."

Kefa alimtazama dada yake. Asnath aliendelea kutazama dirishani, akasema tu, "Nikupakulie chakula?" Kefa akasema hapana, ikawa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile. Akaondoka na mfuko wake.

Walipobaki wawili, Asnath aligeuka. "Umekataa mshahara kwa ajili ya ukurasa wa tatu."

"Ndiyo."

"Baba Selina, nani anafika ukurasa wa tatu?"

Swali lilikuwa zuri, na Chediel hakuwahi kulifikiria. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko akitafuta kitu chochote.

"Mtu anayehitaji mzinga kweli kweli," alisema.

Akatoka kwenda karakana. Asnath alibaki akisikiliza. Kwanza kimya, kisha msumeno, kisha randa. Akatoka, akamkuta ameinamia ubao mrefu, maranda yanamwangukia kwenye viatu vya kanisani.

"Huo wa nini tena? Sitini iko ndani."

"Huyo akipiga, anaweza kutaka sitini na mmoja."

Asnath alisimama pale na mikono kiunoni, akimtazama mume wake, na ubao, na barabara iliyokuwa tupu mpaka kona. Kisha akavua kilemba cha kanisani, akakitundika kwenye msumari, akashika ncha ya pili ya ubao usicheze.

"Lakini huu," alisema, "hauingii chumbani."